Picha ya Binti Yako Sikuigusa

Studio ya Picha, mlango wa tatu,
nyuma ya duka la vitambaa.
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu na huyo mgeni wenu wa wiki tano. Hamjambo humo ndani? Wifi ameshapata nguvu? Maziwa yanamtosha mtoto? Na mgongo wako je, au bado unabeba mageti peke yako kama mtu asiye na wasaidizi? Sisi huku hatujambo. Mama mguu humsumbua asubuhi, ikifika mchana anausahau. Mjomba kikohozi kimemwacha, zimebaki kelele. Mume wangu anakusalimu na anasema ile drili yake aliyokuazima mwaka juzi ameshaifanyia matanga.

Mwanangu naye mzima, ila jina amebadilishwa. Siku hizi tunamwita Mkaguzi. Tangu avalishwe miwani hapokei kitu bila kukikagua: anakisogeza mpaka puani, anakigeuza, anakisogeza tena, ndipo anakubali au anakitupa. Juzi alimkagua mteja masharubu mpaka yule bwana akapiga picha ya pasipoti huku anacheka, ikabidi nirudie. Miwani yenyewe tumeifunga kwa mpira wa suruali uzungukao kisogo, kwa sababu mwenyewe huivua na kuikagua pia.

Umesalimiwa, umeulizwa hali, umechekeshwa. Sasa vuta kiti ukae.

Naandika barua kwa sababu simu umenikatia mara mbili. Mara ya kwanza wifi alikuwa na mimba ya miezi sita, nikaanza kukueleza majibu ya vipimo vya mwanangu, ukasema nisikuletee mkosi. Mara ya pili ilikuwa juzi Ijumaa. Barua huwezi kuikata katikati. Na ili usiitie mfukoni ukasema utaisoma Jumapili, nimempa mkononi fundi saa wa mlango wa pili, anayekuja huko kununua vipuri. Nimemwambia akae hapo kwako mpaka uimalize. Ni mtu mvumilivu, kazi yake ni kusubiri vitu vidogo vitembee, kwa hiyo usidhani utampa chai na kumtoa.

Picha tatu ulizonitumia nimezipata. Chini yake uliandika, “Dada, huyu kachukua macho ya ukoo, makubwaa! Ila mwanga hautaki na machozi hayakauki, nadhani ni moshi wangu wa kuchomelea. Nimeshahamisha mashine. Mrekebishe macho kidogo, uipige kubwa, umtundike pale na wenzake.”

Mdogo wangu, sikumrekebisha. Sikugusa hata nukta moja. Nimezitazama zile picha siku nzima, kwanza kwenye simu, halafu kwenye kompyuta, halafu nimezichapa na kuzitazama kwa ile lenzi ya babu ya kukagulia. Katika picha ya dirishani amekunja uso wote kama mtu aliyemwagiwa maji ya sabuni. Katika ile aliyofumbua macho, jicho la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, na weusi wake si weusi. Una ukungu, kama kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto. Huenda wewe uliona ni mwanga mbaya wa chumba. Mimi nimefanya kazi ya mwanga miaka kumi na tisa, ule si mwanga.

Nataka umpeleke kwa daktari wa macho. Si mwezi ujao. Kesho.

Ngoja nikueleze kwa nini nina uhakika kiasi hiki, maana najua utasema dada ameanza. Unaukumbuka ukuta wa studio. Kila mtoto wa nyumba hii akifikisha wiki sita anapigwa picha na kutundikwa pale, kuanzia mama na mjomba na mama mdogo, mpaka mimi na wewe, mpaka wenzetu wa kwa mjomba tuliokuja kuoana nao. Babu akiwasimulia wateja: “Macho haya ndiyo matangazo yangu ya biashara.” Watu wakaja wakitaka kupigwa picha na wao watoke na macho kama ya watoto wa mpiga picha. Tumekulia humo. Kwetu mtoto akizaliwa na macho makubwa hatuulizi kitu, tunapiga vigelegele.

Mwanangu alipozaliwa, nami nikapiga. Alipofika wiki sita nikampiga picha yake ya ukutani. Alikuwa anakimbia taa, nikapunguza taa. Alikuwa anatoa machozi, nikamfuta. Kwenye kompyuta nikaona utando wa kijivu juu ya jicho moja, nikauondoa. Ilinichukua dakika kumi, nikiimba. Nikatia na kile kinukta cheupe cha uhai kwenye mboni, ukaona mwenyewe picha ilivyopendeza, ukaniandikia “fundi ni fundi.”

Miezi miwili na nusu baadaye akaja mteja, muuguzi, kupiga picha za kitambulisho. Alimwangalia mtoto mgongoni kwangu akificha uso kila nikiwasha taa. Hakuuliza bei. Aliniuliza tangu lini, na akaniambia nifunge studio niende hospitali saa ile ile. Nikamwonyesha picha ya ukutani kumthibitishia kwamba macho ya mtoto ni mazima! Unaona upumbavu wa dada yako? Nilikuwa namwonyesha ushahidi niliouchora mwenyewe. Nalisema bila kuficha, na bado linanichoma hadi leo: mwanangu jicho moja linaona vizuri na la pili linaona kivuli, na katikati yake kuna ile miezi miwili na nusu.

Ugonjwa unaitwa glakoma, wengine husema presha ya macho. Tulizoea kuusikia kwa wazee, kumbe na mtoto huzaliwa nao. Daktari wetu ni mama mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki, lakini alieleza taratibu. Jicho linatengeneza maji yake ndani, na maji hayo yana njia zake za kutokea, vijifereji vidogo sana. Kwa watoto hawa vijifereji havikuumbika sawasawa. Maji yanaingia, hayatoki. Jicho la mtu mzima ni gumu, likijaa halionekani kwa nje, lakini la mtoto mchanga ni laini, kwa hiyo linatanuka. Watu wanasema macho mazuri. Kioo cha mbele kinatanuka nacho, kinapasuka ndani kwa ndani, ndiyo ule ukungu, ndiyo machozi, ndiyo kuogopa mwanga. Na huko nyuma mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unabanwa na kufa kidogo kidogo. Ukishakufa haufufuki. Ndiyo maana nasema kesho.

Wewe ni fundi wa kuchomelea, unajua siku ukisahau barakoa macho yanavyochoma usiku wake kama yamejaa mchanga. Mtoto mwenye maradhi haya, mwanga wa dirisha unamfanyia karibu hivyo hivyo. Lakini moshi wako hauhusiki. Cheche hazihusiki. Kama wifi alitazama moto wa mashine akiwa na mimba, hilo nalo halihusiki. Rudisha mashine yako mahali pake, uache kujihukumu.

Hili limetoka mbali kuliko uani kwako. Daktari alituchukua mate, mimi na mume wangu na mtoto, wakayapeleka maabara kupima vinasaba. Alivyonieleza, nilielewa kwa lugha ya kazi yangu, nawe uliyekulia kwenye chumba cha giza utaelewa. Kila mtu ana negativu mbili, filamu za kuchapia, kwa kila kitu cha mwili wake, moja ya baba, moja ya mama. Moja ikiwa na mkwaruzo, mwili unachapa picha kwa ile nzima, na mwenyewe hajui kamwe kama ana mbovu. Mimi ni hivyo. Mume wangu ni hivyo. Tuna macho mazima, tunatunga uzi kwenye sindano. Ila mtoto akipokea ile yenye mkwaruzo kwangu, na yenye mkwaruzo kwa baba yake, hana nzima ya kuchapia. Majibu yalionyesha mkwaruzo ni ule ule, herufi kwa herufi, umetoka kwa babu mmoja.

Kwa maana mimi niliolewa na mtoto wa mjomba, na wewe ukamwoa dada yake. Tulicheka sana siku zile, kwamba tumebadilishana kama sufuria na mfuniko wake. Daktari hakusema tumekosea. Alisema hata watu wasiojuana wanaweza kukutana wote wana mkwaruzo wakapata mtoto kama huyu, na wapo watoto ambao shida ilitoka kwa mzazi mmoja tu, na wapo ambao maabara haikuona kitu. Ila ndugu wakioana, kilichojificha hupata njia rahisi ya kukutana. Kwa wazazi kama mimi na mume wangu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Nami nikauliza swali la kijinga, kwamba maadam mmoja ameshapata, watatu wanaofuata wako salama? Akasema hapana, mimba haina kumbukumbu, kila moja inaanza upya.

Wewe na wifi hamjapimwa, kwa hiyo huenda mmoja wenu hana, na binti yenu ana machozi ya kawaida tu. Naomba iwe hivyo. Nitafurahi kuitwa mzushi mbele ya watu wote. Lakini siwezi kunyamaza kwa kuomba tu. Nilinyamaza miezi minne baada ya wewe kukata simu, nikijidanganya kwamba namhurumia wifi na mimba yake. Nilikuwa namwogopa mdogo wangu, basi.

Sasa sikiliza la mjomba. Nilipomweleza majibu alinijia juu: “Kwa hiyo unasema damu yangu imeoza?” Nikamwambia damu haijaoza, mjomba, nataka tu kujua ilipita wapi. Akatoka akaubamiza mlango hadi picha mbili zikapinda. Mama naye akalia kwamba namtia aibu kwa kaka yake. Siku tatu hatukusemezana humu ndani, tukawa tunapishana ukumbini kama wapangaji.

Nikaenda kwenye yale makopo ya bati ya babu. Unakumbuka babu alikuwa anarekebisha picha iliyochapwa, kwa wino na brashi ya nywele tatu, ile negativu yenyewe haigusi. Nilitafuta mpaka nikaipata ya mama mdogo, ya wiki sita. Nikaisafisha na kuichapa kama ilivyo. Pale ukutani mama mdogo ana macho mawili meusi yanayong’aa. Kwenye negativu hana. Macho yote mawili yana ukungu, ule ule wa mwanangu, ule ule wa binti yako. Sisi tuliambiwa alipofuka kwa surua akiwa na miaka sita. Surua iliikuta kazi imekwisha.

Nikaiweka picha ile mezani mbele ya mjomba. Aliichukua akaisogeza dirishani. Halafu akasema, “Wino nilimshikia mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alisema tumtengeneze dada apendeze.” Sijawahi kumwona mjomba akilia, na sitaki kumwona tena. Kesho yake alivaa kanzu yake nzuri kama anakwenda kuposa, akaenda mwenyewe kutoa mate. Mama akamfuata na mguu wake mbovu.

Kwa hiyo hili silisemi peke yangu. Baba mkwe wako, ambaye ndiye mjomba wako na ndiye babu wa mtoto, ameniagiza niandike hivi, na amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha: “Mpeleke mjukuu wangu. Nikisikia umesubiri, nakuja mwenyewe.” Unamjua. Akija atakaa miezi miwili.

Namna ya kufanya ni hii. Nenda hospitali kubwa yenye daktari wa macho anayeshughulika na watoto, usiishie zahanati ya mtaani. Ukifika mapokezi usianze na hadithi ya moshi. Sema: mtoto wa dada yangu ana glakoma ya kuzaliwa nayo, mke wangu ni binamu yangu, na binti yangu ana dalili. Maneno hayo yatakusogeza mbele ya foleni. Omba wapime presha ya macho na upana wa kile kioo cha mbele. Huenda wakamlaza kwa dawa ya usingizi ili wamwangalie vizuri, usiogope, mwanangu amelazwa hivyo mara tano na akiamka anadai chakula. Kuna watakaokwambia ni kijia cha machozi kimeziba, umkande kwa kidole, kitafunguka. Huenda ni kweli. Washukuru, halafu waambie wapime presha hivyo hivyo. Zile picha zako nilimwonyesha daktari wetu. Alisema picha haiwezi kusema kama ni ugonjwa, ila inatosha kusema mtoto huyu asikae nyumbani.

Na ikiwa ndiyo, wanamfanyia upasuaji wa kumfungulia njia ya maji. Ni mdogo, lakini ni upasuaji, na huenda ukarudiwa. Wanaowahi mapema wengi wao wanaona, wanasoma, wanakimbia. Wakichelewa, hata daktari hodari anaokoa mabaki. Wiki tano ni mapema. Mimi ningetoa chochote nilicho nacho ili nirudishiwe wiki ya tano.

Ndani ya bahasha kubwa nimeweka picha tatu. Ya kwanza ni mama mdogo, kama negativu ilivyo. Ya pili ni Mkaguzi, niliyoichapa upya bila ule mkono wangu wa dakika kumi. Ya tatu ni binti yako. Zipange mezani uzitazame kwa zamu. Kisha umpe wifi bahasha ndogo. Nimemwandikia mwenyewe, nikaifunga kwa gundi ya fremu, usijisumbue kuifungua kwa mvuke. Fundi saa ana maagizo kuhusu hiyo pia.

Ukutani nimefanya mabadiliko. Picha ya Mkaguzi ya zamani nimeitoa, nimemtundika akiwa na miwani na mpira wake wa suruali. Pembeni yake nimepiga msumari wa binti yako. Nataka picha yake, lakini baada ya hospitali. Mpige akiwa na bandeji, mpige akilia, mpige amenuna, mimi nitamtundika alivyo. Brashi ya babu nimeifungia kwenye kopo lake.

Nisalimie wifi yangu sana na umwambie hakuna aliyemkosea mtoto humu. Wasalimie mafundi wa karakana yako na yule mama mwenye nyumba wenu. Mama anakubusu kipajini. Mume wangu anasema drili baki nayo, mtoto kwanza. Mkaguzi ameikagua barua hii, ameilamba kwenye kona, ndiyo hilo doa.

Mama mdogo nilimsomea yote. Aliomba nimpe mkononi ile picha yake mpya, akaipapasa kama kwamba atakuta kitu. Ameniagiza niandike kwa maneno yake mwenyewe, nami siyagusi: “Mwambie mimi nilikuwa naona. Naukumbuka mkono wa mama yangu, ulikuwa na bangili ya kijani. Nilipoanza kugonga milango kila mtu alikuwa bado anayasifu macho yangu. Mwambie asimsifu huyo mtoto. Ampeleke.”

Mola awape safari nyepesi na daktari mwenye subira, na binti yetu amjalie aione na kuikumbuka mikono ya mama yake.

Ni mimi dada yako ninayekupenda hata ukinuna,

Dada Mkubwa